Rangi ya Boksi la Bi Rukia

Jumatatu, 10 Ramadhani

Nimechanganya wino tena tangu asubuhi. Rangi ya damu ya mzee iliyoelekea kidogo kwenye tofali, sawasawa na boksi la kale la halua alilonipa Bi Rukia nilifuate. Nimepaka tone juu ya boksi lenyewe, mlangoni penye jua, halionekani linaanzia wapi. Nimepiga prufu, karatasi moja tu ya kumwonesha, nimempelekea kwake Mkunazini baada ya adhuhuri. Kaishika, kaigeuza. "Mashallah, nzuri mwanangu. Mungu akubarikie mikono." Nimerudi kiwandani Kiembe Samaki roho kunjufu.

Alasiri binti yake Zulfa kaniletea ujumbe kwenye simu. Mama anasema rangi siyo.

Mara ya pili hii.

Jumanne, 11 Ramadhani

Sijui kwa nini sisi hatuwezi kumwambia mtu hapana usoni. Na mimi nimo. Kinyozi wangu ananiharibu kila mwezi, nami namwambia ahsante sana. Lakini nywele zinaota. Mashine haingoji.

Bwana Mansour, mwenye kiwanda, kaniuliza mbele ya wenzangu, "Haji, unachanganya wino au unapika futari?" Wamecheka wote. Nimefunga, nikaendelea kukoroga wino. Kasema mashine kubwa ni yetu mpaka Jumatano ya wiki ijayo. Baada ya hapo inaingia kazi ya hoteli, haitoki mpaka Idi ipite.

Hii ni Idi ya kwanza ya Bi Rukia tangu mumewe afariki. Halua yao watu wanaijua kwa boksi lake, na aliyekuwa akiwachapia keshafunga duka. Wateja washaanza kumuuliza Zulfa kama biashara imekufa na mzee. Akiuza Idi hii kwenye vikopo vya plastiki, watajijibu wenyewe. Hilo nnalijua. Ndiyo maana nakasirika.

Alhamisi, 13 Ramadhani

Nikadhani ni mwanga. Sebule yake giza, taa yenyewe ya manjano, kila chekundu kinageuka chai. Leo nimemwomba tutoke barazani. Kichochoro chembamba, lakini adhuhuri jua linafika. Prufu mkono huu, boksi mkono huu. Pacha.

"Bi Rukia, niambie ukweli, sikasiriki."

Kacheka. "Wewe una subira mwanangu. Nzuri."

Sijafika Darajani, simu inalia. Zulfa. Mama anasema imepauka.

Nimemjibu kwa ukali. Nimemuuliza mama yako ana macho au hana. Astaghfirullah. Saumu yangu ya leo sijui imebaki nini zaidi ya njaa.

Ijumaa, 14 Ramadhani

Nimemtaka radhi Zulfa kabla ya sala. Kanisamehe, na kanicheka juu yake. "Mjomba Haji, mbona mimi pilau langu kila siku zuri, kisha namkuta mama jikoni anaongeza chumvi kwa siri."

Nimecheka na mimi. Kazi iko pale pale.

Jumamosi, 15 Ramadhani

Imepauka. Neno limenikaa kichwani tangu juzi. Leo nimeligeuza boksi pande zote. Zulfa anasema lilikuwa juu ya kabati, mkabala na dirisha, miaka.

Boksi ndilo lililopauka. Mimi wiki nzima nafuata rangi iliyoliwa na jua, mwenzangu Bi Rukia analitazama boksi hilo hilo na anaiona rangi ya siku zile mumewe alipokuwa akiyapanga maboksi mezani. Mjinga mimi. Kazi ya miaka yote hii, na sikuwaza.

Rangi yenyewe itakuwa chini ya mkunjo wa pembeni uliogandishwa kwa gundi, ambapo jua halijaingia. Kuubandua si kazi. Ila utachanika, na boksi lenyewe ndilo la mwisho, na nimepewa kwa amana. Nimeshika kisu. Nimekiweka.

Mansour kaniona. "Bandua bwana, nani atajua?"

Ntajua mimi. Na Aliyenipa macho.

Jumapili, 16 Ramadhani

Nimekwenda Mkunazini kumrudishia boksi lake na kumweleza. Kasikiliza. Kaliweka mapajani, akilipapasa, mpaka nikaona nimekosea kuja. Kisha kainuka kaelekea jikoni, kanambia nimfuate.

Uji wa futari ulikuwa unachemka. Kaishika ile pembe ya boksi juu ya mvuke wa sufuria, taratibu, akiigeuza, mpaka gundi ikalainika. Kafungua mwenyewe. Hapajachanika hata uzi. Na mimi na kisu changu.

Chini yake ukanda mwembamba, upana wa kidole. Damu ya mzee yenyewe, nzito, kama imechapwa leo asubuhi.

"Ndiyo hii," kasema. "Nilishaanza kudhani nimeisahau."

Nimetazama ukutani mpaka alipomaliza kujifuta machozi.

Jumanne, 18 Ramadhani

Kaja kiwandani mwenyewe, na Zulfa. Nimemwekea kiti mlangoni. Nimemwambia, leo neno nzuri sitaki kulisikia, mashine tunayo kesho tu.

Napaka wino kwenye kipande cha kadibodi kwa kidole, nampa.

"Hapana."

Naongeza mweusi.

"Hapana. Hii ya matanga."

Napunguza, natia mwekundu.

"Bado. Hii sasa umeiharibu kabisa mwanangu, ilikuwa inakuja."

Mansour kasimama kando. "Haji leo kapatikana." Mwache aseme. Kila hapana ilinisogeza. Sikujua mtu anaweza kuifurahia hivi. Mgongo unauma, koo limekauka, na moyo mweupe.

Karibu na alasiri kachukua kipande, kakiweka juu ya ule ukanda, katazama muda mrefu.

"Chapa."

Jumatano, 19 Ramadhani

Mashine imekwenda tangu asubuhi, haikusumbua. Wino umeshika. Maboksi yamekatwa, yamekunjwa, yamefungwa kamba. Alhamdulillahi.

Zulfa kaja kuyachukua. Nguo zake zilikuwa zinanuka iliki na sukari iliyoungua kidogo. Anasema mama hakungoja maboksi, kawasha jiko la halua tangu alfajiri, mara ya kwanza tangu eda ya kufiwa iishe, na hataki mtu mwingine aushike mwiko.

Nimemsaidia kupakia. Nimeosha rola, nimesali, nimerudi nyumbani.