Orrin Haverkamp, Aliyerudi Kutuaga Tena

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Orrin, tangu asubuhi ile ya Machi 1957 ulipotoka nyumbani kwetu Hollywood kwenda studio, na hukurudi.

Uliongoza filamu thelathini na moja: za wachunga ng'ombe, za majambazi, na ile moja ya watawa ambayo hukutaka hata itajwe. Kiti cha mwongozaji hukukitaka. Ulikalia kreti la machungwa, mkate wa vitunguu vibichi mfukoni, na mafundi wa taa walisikia harufu yako kabla ya kukuona. Lakini mtoto wa fundi akilazwa, wewe ndiwe uliyetangulia hospitali.

Kila tukio ulilipiga picha mara moja tu. Waigizaji walikulilia, "Mzee, turudie, nimeharibu!" Nawe, "Umeharibu vizuri. Twende mbele." Ulijua wakubwa wa studio wakikosa vipande vya ziada hawatakuwa na cha kubadilisha. Hata nyumbani ulikuwa hivyo hivyo: kwaheri moja, basi.

Filamu ya mwisho ndiyo iliyokuvunja. Askari wako anafia vitani. Wakubwa wakataka arudi mzima kwa mkewe. Ulikataa wiki tatu. Moyo ukaanza kukusumbua, ukachoka, ukapiga picha miisho yote miwili, wako na wao. Siku hiyo hukugusa chakula. "Lenore," ulimwambia mkeo, "leo nimewakabidhi kisu."

Kesho yake ulituaga, ukafika getini, ukarudi. Ukatubusu wote upya. Mwanao Wendell akacheka, "Baba, leo unarudia tukio!"

"Lile la kwanza sikulipenda," ukamjibu.

Adhuhuri studio wakapiga simu. Moyo wako ulikuwa umesimama, nawe umekaa kwenye kreti lako.

Mwisho wako waliutupa. Tulikwenda sinema kuutazama wao, tumejaa hasira, Lenore ameapa kutoka ukumbini katikati ya filamu. Kisha askari akafungua geti, mkewe akamkimbilia. Hakuna aliyetoka. Tulilia kuliko ukumbi mzima, na Lenore akanong'ona, "Mwache aingie."

Tusamehe, Orrin. Ulipigania mwisho wako hadi pumzi ya mwisho, nasi tuliupenda wao.

Tunaokulilia ni mkeo Lenore, wanao Judith na Wendell, na dada yako Hester wa Nebraska. Hutatutoka moyoni kamwe. Geti bado hatulikomei.