Mwewe na Konokono wa Shangazi

Tukuyu, Jumanne

Shikamoo dada Neema,

Hapo Iringa mnaendeleaje? Huku mvua imetuwahi kabla ya chai, nami nakula ndizi za kuchoma jikoni kwa shangazi.

Asubuhi mwewe ameshuka uani akanyakua kifaranga. Shangazi amewapaka vifaranga wote rangi nyekundu ya mikeka, eti mwewe asijue kuwa ni kuku. Mimi nikatoka mbio na ufagio. Shangazi hakuinuka hata kwenye kigoda. Alikuwa anaokota konokono kwenye miche ya kabichi, anawatia kwenye kopo la chumvi.

“Mwewe simchukii,” akaniambia. “Anachukua mmoja, anakwenda zake. Huyu mpole ndiye ananimaliza. Anaingia bila hodi na nyumba yake mgongoni, wala hana mpango wa kuondoka.”

Nikacheka sana, mpaka nikaliona begi langu pale mlangoni. Nilimwambia nakuja kwa siku mbili, dada, na hii ni wiki ya tatu.

Nimemuaga, kesho narudi. Akasikitika kweli: “Mara hii?” Lakini mkungu wa ndizi wa kukuletea wewe alishaufunga kamba tangu jana.

Wakumbatie watoto, nimewakumbuka mno.

Mdogo wako,
Tito