Baba Amewasahihisha Wamarekani

S.L.P. 3071,
Kitale.
14 Juni 2009

Mpendwa kaka Mukhwana,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Huko Toronto baridi imepungua? Na mgongo wako je? Sisi ni wazima. Mahindi yamefika kiunoni, na mume wangu Kimaiyo amepona ile malaria.

Uliuliza habari za Baba na lile darasa la mtandao ulilomwandikisha, la mashairi ya kisasa ya Wamarekani. Kaka, kaa chini kwanza.

Ulifanya vizuri sana. Unajua alivyokuwa tangu tumzike Mama akahamia kwetu: hazungumzi, jina la Mama halitaji, anashinda akitazama ukuta tu. Lakini darasa lilipoanza, kila Jumanne na Ijumaa anavaa tai, tunaenda saiba, pale mjini penye kompyuta za kulipia. Mimi nachapa, naye amesimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani. Wanafunzi ni wa kila nchi. Wanasoma shairi moja kwa wiki, na kila mmoja anaandika alivyolielewa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki moja shairi lilikuwa fupi, la mtu anayemimina kahawa vikombe viwili asubuhi ilhali yuko peke yake jikoni. Mmoja akasema ni habari ya vita. Mwingine, ni ubepari. Mama mmoja wa Nebraska, Marlene, akasema mtu yule anangoja mgeni. Mwalimu wao akawasifu wote!

Baba alifura. "Ati kila mtu ako na jibu yake? Hiyo ni darasa gani sasa, bana?" Miaka thelathini na minne ya kufundisha pale Misikhu, akubali hivyo? Akataka nimtolee maoni yote kwenye karatasi, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu. Marlene alipata nne kwa kumi: "Soma tena." Nami, mjinga wako, nikazituma alama zote darasani.

Mwalimu aliandika kwa upole kwamba huko hakuna anayemsahihisha mwenzake. Baba aliona haya. Tai ikarudi kabatini, na kwa wiki tatu hakukanyaga saiba. Akarudia ukuta wake. Niliogopa, kaka, sikufichi.

Kisha Marlene akamwandikia. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alisema amezikubali nne zake, lakini mwalimu akimwangusha mwanafunzi, si amwonyeshe jibu lenyewe? Nilimpelekea Baba ile barua. Aliisoma mara mbili, akaomba karatasi. Kiingereza alikikataa, akaandika kwa Kiswahili na kuniagiza nitafsiri. Jana nililichapa jibu lake, machozi yakinitoka mbele ya watu saiba. Lilikuwa hivi tu:

"Kikombe ya pili ni ya bibi yake. Wangu aliitwa Phelista. Alikuwa anataka sukari vijiko tatu. Alikufa mwaka juzi, na mimi bado napika chai yake."

Kumbe, kaka! Mimi nimekuwa nikinywa kikombe hicho kila asubuhi nikidhani ni changu, na kumnung'unikia Baba moyoni kwa kuzidisha sukari.

Msalimie wifi Lorna na watoto. Shangazi Nelima wa Malakisi anakusalimu, na Kimaiyo pia. Mungu awatunze huko ugenini, awafikishe kwetu mkiwa salama.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Nekoye