Medali haifuliwi

Alhamisi. Mvua imeanza kabla ya jua na haijui kuchoka. Lualaba imekuwa rangi ya matope, na moyo wangu rangi hiyohiyo.

Shule ya wazungu sikukanyaga. Herufi hizi za Kiarabu nilizichungulia kwa marehemu baba akifundisha watoto wa wengine, na leo ninaziandika kwa hasira. Zikipinda, zimepinda.

Jambo lenyewe njo hili. Selemani anamutaka mujukuu wangu Zaina. Ni kijana aliyerudi kutoka vita ya juzi, ile ya Habeshi, na kifuani anavaa kale kachuma kenye tepe za rangi ambako askari wanavaa siku zote, medali zenyewe zikibaki nyumbani. Lakini tepe za uongo zimejaa siku hizi. Fundi yeyote mwenye cherehani anaweza kukushonea ushujaa. Kule Kailo muntu mmoja alioa kwa tepe za namna hiyo, kumbe vita yote alikuwa jikoni kwa Mugiriki, anakaanga samaki. Ndiyo maana shemeji yangu Athumani, mudogo wa marehemu mume wangu, alisema mbele ya wazee, "Tujue kwanza kama tunaoza kwa askari ao kwa fundi cherehani."

Selemani hakubishana. Alizitoa kifuani, akaziweka katika kiganja changu. "Koko, bibi yetu, zikae kwako mpaka Ijumaa. Wewe uko na za kweli. Pima."

Za kweli. Ndivyo Kindu yote inavyosema. Mume wangu Ramazani alienda vita ya Tabora, ile ya kwanza, nikiwa bado bibi-arusi. Akarudi na tepe zake kifuani. Kila Idi alizivaa, na tangu amekufa zinakaa katika kopo la biskuti chini ya kitanda changu. Kwa sababu ya kopo hilo ninawekwa mbele kwenye arusi za watu. Kwa sababu ya kopo hilo Athumani anasafisha koo musikitini na watu wanamusogelea.

Kesho baada ya sala wazee wanakuja kwangu. Nikisema tepe za Selemani ni za uongo, Zaina atapewa mwenye duka wa Kailo, rafiki ya Athumani, muntu mwenye mvi mpaka masikioni. Baba yake Zaina, mwanangu Juma, yuko Kampene kwa kazi ya migodi, naye ameleta neno moja tu: mama akisema, nimesema.

Asubuhi nimetoa kopo. Athumani alikuwa amekaa hapo, anakunywa chai yangu. Nimeziweka tepe pamoja, za mume wangu na za kijana.

Hazifanani.

Rangi si neno, vita ni mbili; ni kitambaa chenyewe. Za Selemani zinang'aa. Ukizigeuza kwenye mwanga zinafanya mawimbi kama maji. Za mume wangu ni nzito, zimetulia, hazina mawimbi. Nami, kinywa changu hakina mulango, nikasema, "Hazifanani."

Athumani hakumaliza chai. Amejifunika gunia na kutoka kwenye mvua, anakimbia kama kijana, kwenda kutangaza. Sasa hivi mutaa mzima unajua kwamba Selemani ni mwongo.

Nimebaki na aibu ndogo. Yule kijana ana macho ambayo hayakimbii. Nikajiambia, mama, umepima upande mmoja tu. Hata kikapu ukinunua unakigeuza.

Nikageuza.

Nyuma ya za Selemani tepe imekunjwa kwenye chuma, imebanwa, na pahali pa kukunjia pamechakaa kwa kuvaliwa. Nikachomoa uzi mudogo na kuuchoma kwenye kaa la jiko. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa wanajaribu hariri hivyo mbele ya mama yangu. Zaina, ambaye alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, bila kunitazama tangu asubuhi, akainua kichwa.

"Koko, inanuka nini?"

"Nywele."

"Nywele za nani?"

"Za mududu wa hariri. Twanga."

Ni hariri kweli. Fundi wa hapa hana hariri.

Halafu nikageuza za Ramazani. Uhai wake wote alinikataza kuzigusa kwa maji. "Medali haifuliwi," alikuwa anasema, na mimi nikapanguza vumbi kwa kitambaa kikavu miaka yote, kama mujinga mwenye adabu. Nyuma zimeshonwa kwa mukono, uzi mweusi, mishono ya mwanaume. Pale ambapo jua halikufika, rangi bado iko hai: nyekundu, njano, na katikati kamstari kembamba ka kijani.

Ninakajua ka kijani.

Baba yangu aliagiza kikoi cha arusi yetu kwa wafanyabiashara wa pwani, akataka pindo lake liwe na kijani, kwa sababu ya dini. Ramazani alienda nacho vitani. Aliniambia kilichukuliwa na maji wakivuka.

Nimechoma uzi wake pia. Umenuka nguo iliyoungua, pamba tupu.

Nimekaa chini. Zaina amenipa maji.

Askari aliyepewa tepe na serikali hakati kikoi chake. Na mimi nilijua, ao mikono yangu ilijua. Nilikuwa namupaka mawese mabegani kila alipoumwa. Alikuwa na nyama ngumu, nene kama kisigino, bega la kushoto na bega la kuume, na nyuma ya shingo. "Ni bunduki," aliniambia. Bunduki inakaa bega moja. Wanaume waliofungwa kamba hapa na kupelekwa kubeba risasi na vyakula vya askari mpaka Tabora, hao njo walirudi na mabega ya namna hiyo. Wengi hawakurudi. Waliorudi hawakupewa hata kamba.

Alikuwa mupagazi.

Ninamukasirikia vibaya, na ningemupata hapa ningemupiga na mwiko, halafu ningemupaka mawese. Ramazani, ulinidhani nani? Nililala na mabega hayo. Unafikiri ningeondoka kwa sababu ulibeba sanduku badala ya bunduki?

Lakini kesho je? Nikisema Selemani ni wa kweli, Athumani atasema, "Leta za kaka yangu, tuone." Nikizileta, kaka yake anaanguka mbele ya wazee, na yeye pamoja naye, na mimi pia. Nimefikiria kusema kopo limeibiwa. Nimefikiria kusema macho yangu yamezeeka. Mambo mepesi, na Ramazani anabaki askari mpaka Kiyama.

Na Zaina anapanda mutumbwi wa Kailo.

Nimemutazama hapa akitwanga. Kila pigo la muchi lilikuwa kama anamupiga yule mwenye duka. Nikamwambia, "Kesho pika wali mwingi. Selemani anakula sana, nimemuona."

Ameacha muchi. "Koko, si umesema hazifanani?"

"Nimesema hazifanani. Sikusema za nani ni za uongo. Athumani alikimbia kabla sijageuza."

Nitaziweka zote mbele yao, chini juu. Nitawaambia kikoi kilitoka wapi. Nitawaambia habari ya mabega, hata kama si maneno ya kusema mbele ya wanaume. Athumani atanuna. Anune, chai yangu atarudi kuinywa.

Ili nisibadilike usiku, nimefanya jambo moja. Nimekata mishono ile, nimetoa kitambaa kwenye chuma, nimekitia kwenye beseni na sabuni. Maji yametoka meusi.

Medali haifuliwi, ulisema. Kikoi kinafuliwa. Kimetandikwa karibu na jiko, na ka kijani kanaonekana kutoka mulangoni.