Muhtasari Ulikwisha Chapwa

Shosti, siamini. SIAMINI.

Binti yangu leo kaenda kikao chake cha kwanza cha baraza la wanafunzi. Wiki nzima alikuwa akikusanya maoni ya darasa lake: vyoo vya wasichana havina milango.

Kufika tu, mwalimu mkuu akawagawia muhtasari wa kikao. Kikao chenyewe hakijaanza! Umeshachapwa: "Wajumbe wote wameridhika."

Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaridhika."

"Umeridhika, mwanangu. Soma ukurasa wa pili."

Umeridhika! Eti na jina lake limo!

Wenzake wakainamisha vichwa, wakasaini. Naye akasaini.

Nikamwambia kikao kijacho asikubali kabisa. Akanitazama kama mtu mzima aliyechoka.

"Mama, tumeshasaini mihtasari ya vikao vyote vya mwaka huu."