Miaka Miwili Niliyomwongezea Ntandu

Jumamosi, mwezi wa saba. Itigi. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa kiangazi unaopasua midomo na kuingiza mchanga kwenye sufuria hata ukiifunika. Duka la asali sijalifungua leo. Sitaki kupiga stori na mtu, na anayenifahamu anajua kwamba kwangu huo ni ugonjwa.

Leo sichekeshi. Ukicheka ni juu yako.

Kwa asiyenijua, mimi ndiye yule wanayemwita Lusaka hapa stesheni. Shule niliishia darasa la saba, la nane nilisomea barabarani: miaka sita utingo wa malori, Dar mpaka Zambia na kurudi. Nimelala chini ya lori Tunduma mvua ikinyesha. Nimebishana na polisi wa nchi zaidi ya moja na wote nikawashinda kwa maneno. Hakuna kijana wa Itigi asiyezijua habari hizo, kwa sababu nimezisimulia mwenyewe, na kila mwaka polisi wanaongezeka. Siku hizi nanunua asali kwa warina wa Rungwa na Mitundu, naiuza hapa kando ya barabara. Lori niliacha. Mdomo nimebaki nao.

Nina mtoto mmoja wa kiume, Ntandu. Mwezi wa nne alitimiza miaka kumi na tatu.

Kumi na tatu. Ishike hiyo, maana mimi niliiachia.

Huyu mtoto ana mguu wa kushoto ambao si wa ukoo wetu. Mpira ukimfikia unatulia wenyewe kama paka aliyerudi kwake. Anaufanyia mazoezi kwenye timu ya Mwalimu Tabu, mama mmoja wa shule ya msingi anayefundisha watoto jioni kwa filimbi na viroba vilivyojazwa mchanga badala ya koni. Mwezi uliopita tukasikia kwamba klabu moja ya Manyoni, yenye jezi za kweli na basi lake, inafanya majaribio. Wana timu mbili za vijana. Kuna Chipukizi, ya chini ya miaka kumi na tano, na kuna Wakubwa, ya kumi na tano mpaka kumi na saba. Wakubwa ndio wanaosafiri, ndio wanaotangazwa redioni, ndio wanaotazamwa na watu kutoka Dar.

Mwalimu Tabu alinijia dukani. Aliniambia kwa upole kabisa, "Baba Ntandu, mpeleke Chipukizi. Ndiyo saizi yake. Kwanza kocha wa kule anapenda kuanza nao wakiwa wadogo. Miaka miwili tu, atapanda mwenyewe."

Ningesema ahsante mwalimu, leo ningekuwa nimelala usingizi wa mchana.

Badala yake nilimjibu mbele ya wateja kwamba mwanangu haendi kuchezea timu inayopewa maziwa wakati wa mapumziko. Watu wakacheka. Mwalimu Tabu akanunua asali yake, akaondoka. Jioni ile ile kijiweni nikatangaza kwamba Ntandu anaingia Wakubwa moja kwa moja, na kwamba kule Zambia nimeona watoto wa umri wake wakiwapiga chenga watu wenye wake na watoto. Sikuwaona. Nilikuwa chini ya lori.

Nilishasema. Sasa ilibidi mtoto awe na miaka kumi na tano.

Cheti cha kuzaliwa hatukuwahi kuchukua, kama nyumba nyingi za huku. Kuna kadi ya kliniki tu. Klabu walisema asiye na cheti alete kiapo. Nikaenda kwa wakili, nikaapa kwamba mwanangu ana miaka kumi na tano na kwamba kadi yake ya kliniki imeliwa na mchwa. Kadi ilikuwa kwenye sanduku la mama yake, imefungwa kwenye kanga, haijaguswa hata na vumbi. Karani wake alinisomea kwa sauti kwamba kuapa uongo ni jela. Nikamwambia mimi jela nilizopita mpakani ni nzuri kuliko ofisi yake. Akacheka. Mimi huwa nawachekesha watu wote kabla sijaharibu.

Leo asubuhi tukaenda Manyoni kwa pikipiki, yeye nyuma yangu na njumu zake shingoni. Tulipofika Ntandu akamwamkia kila mtu mzima aliyekuwepo, shikamoo moja moja, mpaka muuza maji. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu mtoto kalelewa. Kisha nikaingia mezani kutoa karatasi ya uongo.

Nikueleze kitu ambacho mimi msafiri, mjuzi wa dunia, sikukijua. Huku kwetu kila mzazi anayempeleka mtoto kwenye mpira anapunguza umri. Wote. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana karatasi yake inasema kumi na tano, na ndevu alizonyoa asubuhi zilikuwa zimemwachia povu la sabuni chini ya sikio. Kwa hiyo yule kocha, kijana mmoja mwembamba mwenye kofia, ana utaratibu wake. Haoni sababu ya kugombana na wazee wa watu. Karatasi yoyote ya kiapo inayokuja mezani kwake anaipokea kwa heshima, halafu kichwani anaongeza miwili.

Kwa hiyo Ntandu wangu, aliyezaliwa miaka kumi na tatu iliyopita, niliyempa kumi na tano mimi, pale mezani akawa na kumi na saba.

Wakampanga na Wakubwa. Wakamweka winga ya kulia, anayemkaba ni yule yule wa povu.

Mpira wa kwanza Ntandu aliutuliza vizuri mpaka watu wakanyamaza. Kisha yule mwenye ndevu akafika. Sijui nisemeje. Nimewahi kuona lori likigonga mbuzi. Ntandu aliinuka na mdomo umepasuka. Mpira wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu akauachia haraka kabla hajafikiwa, na wale wakubwa wakaanza kumwita Kifaranga, "Kifaranga kimbia, mwewe huyo."

Sasa inakuja sehemu iliyonifanya nifungue blogu hii leo.

Palikuwa na watu wa Itigi wamesimama nami kwenye mstari, wawili watatu wa kijiwe changu. Mmoja akasema, "Lusaka, ndiye yule uliyesema atawapiga chenga watu wenye wake?" Wakaangua kicheko. Na mimi nilishikwa na kitu ambacho nimekuwa nacho tangu utoto: watu wakicheka, lazima kicheko kiwe changu. Nikasema, "Yule ni wa mama yake. Wangu nimemwacha nyumbani analinda kuku."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Ntandu alikuwa hatua tatu kutoka tulipo, amekuja kuuchukua mpira uliotoka nje. Aliuokota. Akanitazama, mdomo una damu na mchanga. Hakulia. Akaurusha uwanjani kama alivyofundishwa, mikono miwili, miguu chini.

Kuanzia hapo hakucheza. Alikimbia tu.

Mwisho wa majaribio kocha aliwaita wazazi mmoja mmoja, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, maana uwanja hauna ofisi. Ilipofika zamu yangu akaniamkia, shikamoo mzee, kwa adabu zote, ndipo akanichinja.

"Mzee, karatasi inasema kumi na tano. Mimi nasoma kumi na saba. Kwa kumi na saba, mguu wa huyu una akili sana, ila mwili umeshagoma. Hapa alipo ndipo alipofika. Siwezi kumpa nafasi mtu niliyebakiza naye mwaka mmoja na hatakua tena." Akageuza karatasi yake. "Tena naumia kusema. Angekuwa na kumi na tatu, leo nisingemruhusu arudi Itigi."

Nikasema, "Kocha, ana kumi na tatu."

Pale ndipo nilipojua kicheko kina upande wa pili. Nilikuwa sijawahi kusimama upande huo.

"Mzee," kocha akasema, "asubuhi kumi na tano, sasa hivi kumi na tatu. Tukichelewa kufunga, jioni atakuwa ananyonya."

Uwanja mzima. Mpaka baba yake yule mwenye ndevu alicheka, yeye mwenyewe akiwa na karatasi ya uongo mfukoni. Nikaapa kwa Mungu. Nikasema ipo kadi ya kliniki, ipo nyumbani, nitaileta. Kocha akachukua kiapo changu, akakisoma kwa sauti mpaka pale palipoandikwa kwamba kadi imeliwa na mchwa. Akaninyooshea.

"Sasa mchwa wameitapika?"

Mimi. Lusaka. Nilisimama nikitafuta neno kama mtu anayejipapasa mifukoni, na halikuwepo.

Kocha alilegea kidogo. Akasema orodha ya Chipukizi anaifunga Jumatatu saa nne asubuhi, na atawaona tena watoto wachache siku hiyo. Kadi ya kliniki ikija, ataitazama. Lakini ije na maelezo kwa nini kiapo kinasema vingine, maana hataki kesho mtu aseme yeye ndiye anayefundisha wazazi kughushi.

Tukarudi. Kutoka Manyoni mpaka Itigi Ntandu hakunishika kiuno kama siku zote. Alishika chuma cha nyuma ya siti. Nilikuwa naongea, unanijua, naongea kuhusu kocha, kuhusu ndevu, kuhusu wachezaji wakubwa waliokataliwa wakiwa wadogo. Sikumbuki hata kama hao wachezaji wapo. Karibu na geti la reli akaniuliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, shuleni wakiniuliza nina miaka mingapi, niseme mingapi?"

Nilizima pikipiki. Nikajifanya naangalia tairi.

Mama yake alitusubiri mlangoni. Alipouona mdomo wa mtoto aliongea Kinyaturu, na mke wangu akianza Kinyaturu huwa siingii katikati. Hakuniuliza nini kimetokea. Alikwenda kwenye sanduku, akafungua kanga, akaweka kadi mezani mbele yangu. Alijua siku ile ile nilipoenda kuapa. Alinyamaza kwa sababu mimi huwa sisikii, na hilo pia amelisema leo, mara moja, bila kupandisha sauti.

Kadi imechakaa kwenye mikunjo, lakini kila kitu kinasomeka. Tarehe. Uzito wake alipozaliwa. Chanjo zote, mstari kwa mstari, na saini za manesi. Mwanamke huyu alitembea na mtoto mgongoni kila mwezi ili kadi hii iwe kamili, na mimi nikaenda kuapa kwamba imeliwa na wadudu.

Nikasema Jumatatu nitaipeleka mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno, jinsi nitakavyoingia uwanjani, jinsi nitakavyowageuza wote wacheke pamoja nami. Ntandu alikuwa ameinama anaosha njumu zake kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Mama aipeleke," akasema. "Wewe uandike tu. Usije."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeiweza. Alisema kama mtu anayeomba apishwe njia.

Nimeandika. Barua ya ukurasa mmoja, mwandiko wangu wa darasa la saba unaopanda mlima. Nimeandika kwamba mimi, baba yake, niliapa uongo nikijua, kwamba mtoto hakushirikishwa, kwamba kadi hii ndiyo ya kweli na mchwa hawana kosa. Nimeweka jina langu kamili na saini. Niliandika mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza zilikuwa na utani ndani yake, na mama Ntandu alinirudishia. Najua barua hii inaweza kunipeleka pabaya kama kocha akitaka. Najua pia itasomwa kwa sauti, uwanja hauna ofisi, na mpaka Jumatatu jioni kijiwe kizima kitakuwa nayo. Wana haki. Mimi ndiye niliyewafundisha kucheka.

Jumatatu saa nne Ntandu atakuwa Manyoni na mama yake, anacheza na watoto wa saizi yake, ule mguu ukiwa na nafasi ya kufikiri. Mimi nitakuwa hapa napima asali. Akichukuliwa nitaambiwa. Akikataliwa nitaambiwa. Ile pasi ya kwanza atakayoituliza, watu wakanyamaza, hiyo sitaiona.

Kesho kanisani nitapita kwa Mwalimu Tabu nimwombe radhi, mbele ya watu kama nilivyomtukana. Hilo naliweza. Linalonitisha ni Jumatatu: kukaa dukani kuanzia asubuhi mpaka warudi, nisimpigie mama yake simu hata mara moja, na wakirudi nisiseme kitu mpaka mtoto aanze yeye.

Sijawahi kujaribu. Sijui kama asipoanza nitaweza kunyamaza.