Kijiji Kinajinyoosha kwa Niaba Yangu

Shikamoo Bi Hildegarda, mshauri wetu mpendwa. Naomba msaada wako kabla sijawa kilema, maana mimi ndiye mkimbiaji wa kijiji chetu cha ujamaa hapa karibu na Kimamba, na mwezi ujao tunashindana Kilosa kutafuta wa kwenda timu ya mkoa, jambo ninaloliota tangu nasoma, sasa mwalimu wa michezo alikuja akauambia mkutano kwamba nikimaliza mbio kali nisijilaze, nikimbie tena polepole mpaka moyo utulie, kisha ninyooshe viungo, ndipo uchovu utapungua, basi Mzee Kondo, mwenyekiti wetu, akasimama akasema, "Kijana ametukimbilia, halafu akimbie tena? Huo ni unyonyaji!" watu wakapiga makofi, na kazi hiyo ya kupoza mwili wakagawana wao, kwa zamu.

Tangu hapo nikimaliza tu mazoezi nabebwa mzobemzobe hadi kitandani, naambiwa nisitikise hata kidole, na huko nje nasikia vishindo vyao wakinikimbilia polepole, Bi Mwamvua mwenye wajukuu kaweka mguu kwenye ukuta wa ghala ananyoosha huku akiuliza, "Anselmi, unasikia nafuu?" nami kwa heshima naitikia nasikia, kumbe asubuhi naamka nimekakamaa, chooni naenda kwa kushika ukuta, na nikikataa nitaitwa mbinafsi. Kinachoniuma zaidi ni Hezekia, aliyekuwa hafiki kisimani bila kupumzika njiani, huyo hakosi zamu, na juzi kanipita mbio ana ndoo ya maji kichwani!

Wananipenda, Bi Hildegarda, ndiyo shida yenyewe. Nifanyeje?

Anselmi

Marahaba, Anselmi. Pole, ingawa nimecheka hadi nikamwaga chai. Ila wewe nawe! Unaulizwa kama unasikia nafuu, unajibu ndiyo, halafu unataka nani ajue kwamba huisikii? Umewadanganya, ndiyo maana wanaendelea.

Shamba lilimwe kwa pamoja, sawa. Uchovu ni wa mwenye miguu. Bi Mwamvua hawezi kukulia ugali ukashiba wewe. Mwalimu kasema kweli kuhusu kukimbia polepole. Kujinyoosha nako kunalegeza viungo, lakini usidhani ni dawa, maumivu ya kesho yake yatakuja tu. Kula ushibe, kunywa maji, na ulale usiku, siyo alasiri.

Sasa nenda mkutanoni. Usiseme unataka kukimbia tena, watakubeba! Sema unaona aibu kulala wenzako wakihangaika, uombe kazi ndogo: kila ukimaliza mazoezi upite nyumba hadi nyumba, mbio za polepole, ukitangaza kazi ya kesho shambani. Mzee Kondo hawezi kumnyima kazi mtu aliyeiomba. Ukifika ghalani, weka mguu ukutani pamoja na Bi Mwamvua, na umwambie ukweli kwa upole.

Huyo Hezekia naye aende Kilosa akashindane. Usinune. Akikushinda utaumia sana, najua, na kulia ruksa. Lakini jioni hiyo atakayebebwa kitandani ni yeye, na zamu ya kumkimbilia polepole itakuwa yako. Usiikose.